Daftari la Mwanafunzi Wetu

Hotuba iliyosomwa na Katibu Msaidizi mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Mombasa



Nimepewa ruhusa na Halmashauri kusema mbele yenu kwa muda wa nusu saa, nami nashukuru kwa heshima hiyo. Najua kwamba mimi ni mdogo kati yenu kwa umri, na kwamba kazi yangu ya kila siku ni kuhesabu mizigo na kuandika hati bandarini, si kufundisha watu wazima. Lakini jambo nililo nalo limo katika shughuli za mkutano huu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyetumwa kulichunguza, sina budi kulieleza kama lilivyo.

Jambo lenyewe ni hili. Mnamo mwezi wa Aprili Halmashauri ilipokea malalamiko juu ya mmoja wa wanafunzi wanaosomeshwa kwa Mfuko wetu wa Karo. Malalamiko hayo hayakusema kwamba mwanafunzi huyo ni mlevi, wala mwizi, wala kwamba ameshindwa na masomo. Yalisema kwamba anaandika hadithi. Yalisema kwamba anajaza mambo ya kubuni katika madaftari yaliyonunuliwa kwa fedha za Chama, na kwamba katika hadithi mojawapo ameuvunjia heshima ukoo wa mzee wetu mmoja. Mleta malalamiko akaomba karo ya kijana huyo isilipwe tena. Halmashauri ikaniagiza nimwendee kijana, niyasome madaftari yake, kisha nilete taarifa.

Nimeyasoma yote, nayo ni saba. Taarifa yangu ndiyo hotuba hii.

Daftari la kwanza aliliandika alipokuwa katika kidato cha kwanza. Nasema kweli mbele yenu kwamba si zuri. Limo kisa cha mpelelezi mmoja anayeendesha gari jekundu katika mji wenye theluji, amevaa koti refu, naye hunywa kahawa katika hoteli ya ghorofa ishirini. Mwandishi wa kisa hicho alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, amezaliwa chini ya mlima wetu wa Kasigau, wala hajapata kuiona theluji isipokuwa katika picha. Nilipomwuliza kwa nini hakuandika juu ya Rukanga au Bungule, alinitazama kwa mshangao akasema, "Kwani huko kuna hadithi?"

Wazee wangu, jibu hilo halikunichekesha. Mtoto amekula vyakula vyetu, amelala katika nyumba zetu, amesikia mazungumzo yetu kwa miaka kumi na minne, naye anaamini kwamba hadithi ni bidhaa inayoshushwa melini pamoja na vitambaa na sukari. Kosa hilo si lake peke yake.

Daftari la pili na la tatu ni ya kidato cha pili. Hapa theluji imekwisha, na mpelelezi hayupo, lakini umekuja ugonjwa mwingine. Mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba insha nzuri hupambwa kwa methali na tamathali, na kijana akapamba mpaka ukuta ukafichika. Katika madaftari hayo hakuna alfajiri isiyo na jogoo, hakuna chozi lisilotiririka kama mto, wala hakuna mtu anayekwenda sokoni kabla ya kutajiwa methali tatu. Mwalimu alimpa alama nyingi, nami simlaumu mwalimu, maana ana wanafunzi wengi na mtihani unakaribia. Insha ya mtihani ya maneno 400 ina kanuni zake, na mwanafunzi hana budi kuzishika ili afuzu. Lakini anayeandika insha kwa ajili ya alama, na anayeandika hadithi kwa ajili ya msomaji, hao ni watu wawili, na mara nyingi hukaa ndani ya mwanafunzi mmoja wakigombana.

Daftari la nne lina kurasa sita tu zilizoandikwa. Kurasa hizo nilizisoma ofisini kwangu saa ya chakula, na nilipozimaliza sikuweza kula.

Ilikuwa hivi. Likizo moja bibi yake mzaa baba aliugua mguu, na kijana akaachwa nyumbani kumtunza. Jioni, kwa kukosa la kufanya, bibi akamsimulia mambo aliyosimuliwa na mama yake, ya wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Ninyi wazee mnayajua mambo hayo kuliko mimi. Nayataja kwa faida ya vijana waliokaa nyuma. Mwaka 1915 majeshi ya Wajerumani kutoka ng'ambo ya mpaka yalifika Kasigau, yakaipiga ngome ya Waingereza. Serikali ya Waingereza ikawashuku wenyeji kwamba waliwasaidia adui. Basi watu wetu wakakamatwa, vijiji vikachomwa, wakahamishwa mpaka Malindi, katika nchi wasiyoijua, yenye joto na maradhi wasiyoyazoea. Wengi walifia huko. Ikapita miaka mingi kabla ya waliosalia kurudi mlimani kwao.

Kijana aliandika habari ya mwanamke mmoja katika uhamisho huo. Mwanamke alitoka nyumbani na mtoto mgongoni na jiwe la kusagia kichwani. Askari akamwamuru alitupe jiwe. Akaliweka chini kando ya njia, polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akaendelea kutembea. Mtoto alikufa Malindi. Mwanamke yule alipozeeka alikuwa hamtaji mtoto kamwe, lakini kila alipomsikia jirani akisaga, aliuliza kama lile jiwe bado liko kando ya njia.

Basi, hiyo ndiyo hadithi yote. Hamna jogoo ndani yake wala methali. Sentensi zake ni fupi, na maneno yake ni yale yale tunayotumia nyumbani. Kwanza kijana huyu aliazima macho ya watu wengine, kisha akaazima maneno ya watu wengine. Siku aliyotega sikio kwa bibi yake ndiyo siku aliyoanza kuandika.

Makaburi ya askari wa vita vile yako Voi, Maktau na Taveta, yametunzwa vizuri, na majina yamechongwa kwenye mawe. Ni jambo jema, maana kila maiti ina haki yake. Lakini mama yule wa jiwe la kusagia, na watu wetu waliozikwa Malindi, ni nani aliyewachongea majina? Mimi nimesoma mpaka mwisho wa sekondari, katika shule ya misheni, nikafunzwa vita vya Ulaya na tarehe zake. Habari ya Kasigau niliisoma kwa mara ya kwanza katika daftari la mtoto tunayetaka kumkatia karo.

Sasa mtaniuliza: mwandishi hutoka katika daftari la mtoto? Nami nitawaeleza habari za mwanafunzi mwingine, ambaye jina lake wengi wenu mnalijua.

Ngũgĩ wa Thiong'o alizaliwa Kamiriithu, karibu na Limuru, mwaka 1938. Yeye mwenyewe ameeleza jinsi alivyokulia katika boma la baba mwenye wake kadhaa, ambamo jioni watoto na wakubwa walikusanyika motoni kusimuliana hadithi. Mwaka 1955 aliingia shule ya Alliance, pale Kikuyu. Nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba mwaka 1952, na kaka yake mmoja alikuwa msituni. Muhula wa kwanza ulipokwisha akarudi nyumbani kwa likizo, na nyumba hakuikuta. Kijiji kilikuwa kimebomolewa na watu wamehamishwa. Hebu mfikirini mvulana huyo amesimama na sanduku lake mahali palipokuwa na mlango wa mama yake. Watu wetu wa Kasigau wanalijua jambo hilo bila kufundishwa.

Mwaka 1959 alikwenda Chuo cha Makerere, Kampala. Huko Idara ya Kiingereza ilikuwa na gazeti dogo la wanafunzi, Penpoint. Siku moja alikutana na mwanafunzi aliyemtangulia, Jonathan Kariara, aliyekuwa akilishughulikia gazeti hilo. Akamwambia kwamba ameandika hadithi, akamwomba aitazame. Kweli ni kwamba hakuwa ameandika lolote. Lakini maadamu neno limekwisha kumtoka, ikambidi akaketi na kuiandika, nayo ikachapwa mwaka 1960: ni hadithi iliyohusu mti wa mugumo. Mimi hupenda sana kisa hicho, kwa sababu chaonyesha kwamba mwanafunzi anaweza kukosa uwezo mpaka pale anapopata mtu anayemngojea. Kariara alipokubali kuitazama hadithi ambayo haikuwapo, hadithi ilikuwapo.

Mwaka 1961 Ngũgĩ aliandika riwaya yake ya kwanza kwa ajili ya shindano la East African Literature Bureau. Haikuchapwa upesi. Akaitengeneza tena, akaibadili jina, ikatoka mwaka 1965 ikiitwa The River Between. Ile aliyoiandika ya pili, Weep Not, Child, ndiyo iliyotangulia kutoka, mwaka 1964. Nayo inahusu mvulana ambaye masomo yake yalivunjwa na Hali ya Hatari. Mwezi wa Juni mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, na mwanafunzi huyo, aliyekuwa akijulikana kwa jina la James Ngugi, alimtafuta Chinua Achebe wa Nigeria akampa mswada wake ausome. Achebe aliusoma, akamwonyesha makosa yake, akaufikisha kwa wachapaji. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo mchezo wake, The Black Hermit, ukachezwa Kampala katika kuusherehekea uhuru wa Uganda.

Tazameni basi. Palikuwa na gazeti dogo, palikuwa na mwenzake aliyesema "lete nione", palikuwa na shindano lenye tarehe ya mwisho, palikuwa na mkubwa mmoja aliyekubali kusoma mswada wa mdogo na kumwambia kweli. Kipawa kilikuwa chake, lakini hayo mengine alipewa na watu. Ondoa hayo, na pengine leo tungelikuwa na mwalimu mmoja mwema wa shule aliyekuwa na madaftari sandukuni.

Katika mkutano ule wa 1962 pana jambo jingine ambalo Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulieleza baadaye kwa majuto. Mkutano uliitishwa kwa ajili ya Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Yeye, mwanafunzi aliyekuwa amechapisha hadithi fupi mbili, alikuwa na haki ya kuhudhuria. Lakini Shaaban Robert, mwandishi wa Kusadikika na vitabu vingi vya mashairi na nathari, hakuwa na haki hiyo, kwa sababu aliandika kwa Kiswahili. Shaaban Robert alifariki mwaka huo huo. Namtaja kwa fahari maalumu, kwa kuwa alikuwa karani kama mimi. Alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akaingia katika kazi ya serikali, idara ya forodha, mwaka 1926, na vitabu vyake vingi aliviandika katika saa ambazo makarani wengine hupumzika.

Ndiyo maana sikumshauri kijana wetu aache Kiswahili kwa kukimbilia lugha yenye soko. Tatizo lake la lugha ni kubwa kuliko tunavyodhani. Bibi husimulia kwa lugha ya nyumbani; kijana huandika kwa Kiswahili; na shuleni huambiwa kwamba mambo makubwa husemwa kwa Kiingereza. Kila hadithi yake lazima ivuke mito miwili kabla ya kufika. Aliniambia kwamba liko neno la bibi yake la kutaja kimya cha watu wanaotembea usiku na mizigo, naye alilitafutia neno la Kiswahili kwa wiki mbili asilipate. Mwishowe aliandika tu: "Walitembea, na hakuna aliyekohoa." Nikamwambia kwamba amelipata.

Ama kwa habari ya shida zake nyingine, nitazitaja kwa ufupi. Hana wakati, kwa kuwa shule yake ni ya bweni na kila saa ina kengele yake. Huandika kabla ya kengele ya alfajiri. Hana vitabu: katika maktaba ya shule alipata riwaya tatu za Kiswahili, mbili zikiwa hazina kurasa za mwisho, naye akajitungia miisho yake mwenyewe, jambo ambalo nadhani lilimfaa. Hana msomaji. Wenzake husoma wakicheka, na mwalimu husoma akihesabu makosa. Tangu aanze kuandika, mimi ndimi mtu wa kwanza kusoma madaftari yake yote, nami nilitumwa kumchunguza kama mshtakiwa.

Hapo, Bwana Mwenyekiti, niruhusu niseme neno juu ya nafsi yangu. Mimi pia niliandika. Nilipokuwa katika kidato cha tatu nilikuwa na daftari lenye jalada la kijani, na ndani yake mlikuwa na hadithi ya mvuvi wa Mtwapa. Siku moja mtu mzima niliyemheshimu alilichukua, akasoma ukurasa mmoja mbele ya wenzangu kwa sauti ya kuigiza, watu wakacheka. Hakunipiga, wala hakulichoma daftari. Alinirudishia, akaniambia nishike hesabu. Nimeishika hesabu, nayo inanilisha, wala sina kinyongo. Lakini tangu siku ile mpaka leo sijaandika hadithi nyingine. Mvuvi wangu bado yuko baharini na nanga haijatiwa. Nawaambia hayo ili mjue kwamba kumkatiza mwandishi mchanga si kazi ngumu, na hakuhitaji azimio la mkutano mkuu. Kicheko kimoja chatosha.

Sasa naja kwenye shina la malalamiko, yaani daftari la tano. Humo kijana ameandika habari ya mzee wa kijiji ambaye askari wa Wajerumani walimjia wakiwa na kiu. Katika hadithi, mzee huyo awaonyesha kisima, na kwa sababu hiyo kijiji kizima chaadhibiwa. Kijana alimpa mzee huyo lakabu ambayo watu wa Kasigau huijua ni ya nani. Mjukuu wa mwenye lakabu ni mwanachama wetu, naye yumo humu ukumbini. Aliposikia habari hiyo aliumia, na nasema wazi kwamba alikuwa na haki ya kuumia.

Wako watakaosema kwamba hadithi ni uongo, na uongo haumdhuru mtu. Hapana. Sungura wa hadithi ameiba mbuzi wengi wala hakuna aliyempeleka barazani, kwa kuwa sungura hana wajukuu. Lakini mtu aliyeishi anao. Mwandishi akichukua jina la mtu na kulitwisha tendo ambalo hana hakika nalo, amechukua kitu kisicho chake. Hilo nilimwambia kijana kwa maneno makali. Akalia. Kisha nikamwambia afute machozi, twende kwa mwenyewe.

Tulikwenda Changamwe Jumapili moja mchana. Mzee alitupokea kwa adabu, akatupa chai, wala hakusema neno juu ya shauri lenyewe. Kijana aliomba radhi. Mzee akamwambia amesikia. Tukarudi. Jumapili ya pili tukaenda tena, mambo yakawa yale yale. Jumapili ya tatu kijana alikwenda peke yake bila kuniambia, akakaa huko mpaka magharibi.

Alipokuja kwangu usiku alikuwa amebadilika uso. Mzee alikuwa amesema. Alisema kwamba katika ukoo wao habari hiyo husimuliwa hivi: hakuna mtu aliyewaonyesha askari maji. Ilikuwa kiangazi. Askari walikaa kimya porini wakawatazama mbuzi, na jioni mbuzi walipoteremka kunywa, askari wakawafuata. Babu yake aliwakuta wakiwa wamekwisha kufika kisimani. Kosa lake lilikuwa kwamba hakuwafukuza. Na mtu mmoja mwenye fimbo angewafukuzaje watu wenye bunduki? Lakini baadaye, huko Malindi, watu walipokuwa wakifa, walihitaji mtu wa kumlaumu, wakamlaumu yeye. Alikufa akiwa na lawama hiyo. Wanawe waliirithi, na wajukuu pia. Mzee wetu amekaa nayo umri wake wote, wala hakuna mtu aliyepata kumwuliza.

Wapendwa wanachama, kijana ameiandika hadithi upya katika daftari la sita. Lakabu ameiondoa. Mbuzi wamo, na fimbo imo. Nimezilinganisha hadithi hizo mbili, na ya pili ni bora mara kumi, si kwa sababu imempendeza mtu, bali kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa na mhalifu na hii ina binadamu. Mwandishi alikua katika Jumapili tatu kuliko alivyokua katika miaka miwili. Aliyemfundisha si mwalimu wala si mimi, ni yule aliyemshtaki.

Sitawaficha hofu moja iliyo katika mioyo ya wazazi, maana babaye kijana aliniambia kwa siri. Anaogopa kwamba waandishi huishia kifungoni. Hofu yake ina msingi. Huyo Ngũgĩ niliyemtaja alikamatwa usiku wa tarehe 31 Desemba 1977, baada ya mchezo wa Kigikuyu alioutunga pamoja na mwenzake kuchezwa na wanakijiji wa Kamiriithu, akawekwa kizuizini Kamiti karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Huko aliandika riwaya kwa Kigikuyu juu ya karatasi za chooni, nayo ilichapwa mwaka 1980. Baadaye aliishi ugenini miaka mingi, na alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Siwezi kumwahidi baba yeyote kwamba maneno hayana gharama. Naweza kusema tu kwamba kunyamaza nako kuna gharama, na mjukuu wa yule mzee wa kisimani ameilipa maisha yake yote.

Kwa hiyo, naleta mapendekezo matatu.

La kwanza, Mfuko wa Karo uendelee kumlipia mwanafunzi huyu kama kawaida, kwa sharti lile lile la wanafunzi wengine, yaani bidii katika masomo. Nimeziona ripoti zake: hesabu zake ni dhaifu, na nimejitolea kumfundisha wakati wa likizo bila malipo.

La pili, chumba cha Chama, ambacho hufungwa saa kumi na mbili jioni, kiachwe wazi mpaka saa tatu usiku wakati wa likizo za shule, pamoja na meza moja na taa, kwa mwanafunzi yeyote anayetaka kusoma au kuandika. Nitashika ufunguo mimi. Vitabu vya kuanzia nitatoa vyangu, ambavyo ni kumi na tisa, na vyote vina kurasa za mwisho.

La tatu ndilo nalithamini zaidi, na halina gharama ya fedha. Naomba kila mwezi mzee mmoja au mama mmoja akubali kuketi katika chumba hicho kwa saa moja, aulizwe na watoto. Msiwape mawaidha, mawaidha wanayo ya kutosha. Waambieni mlikotoka, mlibeba nini, mliacha nini kando ya njia. Nao wakiandika vibaya, waambieni wameandika vibaya, kisha muwaambie waandike tena.

Kabla sijaketi, yako mambo mawili ya kutaja. Kwanza, daftari la saba ni tupu, isipokuwa mstari mmoja katika ukurasa wa kwanza, ambamo kijana ameandika jina la bibi yake na tarehe. Nilipomwuliza atajaza nini, alisema anangoja kusikia mkutano utasema nini juu ya karo. Pili, jana jioni mzee aliyeleta malalamiko alinijia kazini, langoni mwa bandari. Hakuniambia kama atayaondoa malalamiko yake au la, nami sikumwuliza, kwa kuwa hiyo ni haki yake mbele yenu. Aliniuliza tu mwezi ambao yeye atapangiwa.

Bwana Mwenyekiti, daftari la sita hili hapa mezani. Naomba kwanza apewe mzee mwenyewe alisome, kabla ya kura kupigwa.